Mega Vidogo Zaidi

Ukiagiza paomo ya kondoo, supu ya Kichina inayopikwa na vipande vya mkate, cha kwanza kinacholetwa mezani ni kazi.

Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa nimetoka kwenye baridi inayong'ata masikio, nikatamka maneno mawili ya Kichina niliyokuwa nikiyaamini, na mama mwenye mgahawa akaniwekea bakuli pana kama beseni la kunawia. Ndani yake mlikuwa na mikate miwili mikavu ya mviringo, kila mmoja ukubwa wa kiganja. Akaondoka zake. Nikangoja supu. Watu wa meza za jirani walikuwa wameinamia mabakuli yao kama wanawake wa kwetu wanapochambua mchele kwenye ungo: vichwa chini, vidole vinakwenda, na midomo haipumziki. Njaa ikanizidi. Nikaung'ata mkate mmoja, mgumu, hauna hata chumvi, nikaanza kutafuna.

Mzee aliyekaa mkabala nami akaacha shughuli yake akanitazama kama ambavyo ungemtazama mgeni aliyeingia jikoni kwako akaanza kula unga wa ugali kwa kijiko.

Ilikuwa Februari 2015, mjini Xi'an, siku ya tatu ya mwaka mpya wa Kichina. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, uhandisi wa barabara, na huo ndio ulikuwa msimu wangu wa kwanza wa baridi ya kweli. Mtoto wa Tanga anaijua baridi ya Lushoto, na anadhani ameijua baridi. Chuo kizima kilikuwa kimehamwa, wanafunzi wamekwenda kwao. Kantini ya Waislamu nayo ilifungwa. Vyuo vingi vya China huwa na moja, na kwetu ilikuwa na maandishi ya kijani mlangoni. Bwenini tulibaki watu wachache wa mataifa ya mbali na jiko la umeme la kupikia wali lililofichwa chini ya kitanda, maana lilikuwa marufuku. Tulikula wali na mayai, kesho yake tambi za pakiti na mayai, keshokutwa mayai. Myemeni mmoja wa chumba cha pili ndiye aliyenihurumia. "Nenda fangshang," akaniambia. "Kule hawafungi."

Fangshang ndivyo wenyeji wa Xi'an wanavyoiita mitaa ya Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, iliyojibana ndani ya ukuta wa zamani wa mji, nyuma ya Mnara wa Ngoma. Wageni karibu wote hupelekwa Beiyuanmen, mtaa wenye taa nyingi, mishikaki ya kondoo iliyochomekwa kwenye vijiti virefu, na watu wanaopiga picha chakula kikapoa. Nimekula huko mara kadhaa. Si pabaya, ila unakula umesimama na kiwiko cha mtu kimo mbavuni mwako. Wenyeji wakitaka kula hujongea upande wa Dapiyuan na Sajinqiao, ambako mtaa hauna cha kupigwa picha isipokuwa mizoga ya kondoo iliyoning'inizwa mbele ya mabucha, wazee wenye kofia nyeupe, na moshi wa mkaa.

Nilipanda treni ya chini ya ardhi pale Xiaozhai, nikabadilisha Beidajie, nikaenda kituo kimoja zaidi. Watu walikuwa wengi, baadhi wamesimama, na kiti cha kando yangu kikabaki wazi mpaka nateremka. Hilo nilishalizoea. Au niseme, nilishajiambia kwamba nimelizoea.

Mgahawa wenyewe sikuuchagua. Niliingia wa kwanza niliouona una mvuke kwenye vioo. Meza nane au tisa, viti vya plastiki, sakafu yenye karatasi za kufutia midomo. Nikasema "Asalaam alaikum" kwa sauti ndogo, sina hakika kama itafaa. Mama mwenye mgahawa, amejifunga mtandio wa waridi, akajibu kitu kama "se-liang-mu", kimepanda na kushuka kwa lahani ya Kichina mpaka ikanichukua muda kutambua kwamba nimeitikiwa salamu. Kisha akauliza swali moja tu: mikate mingapi? Hilo swali utaulizwa kwenye kila mgahawa wa paomo. Kiasi cha supu ni juu yao, kiasi cha mkate ni juu yako, na miwili ndiyo ya mtu mwenye njaa ya kawaida.

Basi turudi kwa yule mzee.

Alinyoosha mkono, akautoa bakulini ule mkate niliokwisha kuung'ata, akauweka pembeni bila kusema neno. Akauchukua wa pili, akaugawa nusu kwa nusu, kisha robo. Kila robo akaitenganisha ngozi ya juu na ya chini, kama unavyobandua tabaka za chapati ya kusukuma. Halafu akaanza kudonoa kwa ncha za vidole, kidole gumba na cha shahada, vipande vikidondoka bakulini kama mvua ya manyunyu. Akanionyesha kimoja juu ya kidole. Kama kichwa cha nyuki, akasema. Nilidhani sikumsikia vizuri, nikamwomba arudie. Kichwa cha nyuki. Mimi nikajitafsiria kwa lugha ninayoielewa: punje ya choroko.

Nikamega. Dakika kumi, robo saa. Nikaona nimemaliza, nikalisukuma bakuli mbele. Mzee akachungulia.

"Xiao yidian," akasema. Vidogo zaidi.

Nilichukia kidogo, sitaficha. Mtu una njaa, umelipa yuan ishirini na kitu, na mtu usiyemjua anasahihisha mkate wako kama daftari. Lakini wakati huohuo nilikuwa nimeketi mbele ya mtu anayezungumza nami, na ilikuwa siku ya nne sijazungumza na mtu yeyote zaidi ya wale wa bwenini. Nikalivuta bakuli langu, nikarudia. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tansangniya, ndivyo Wachina wanavyotuita. Uso ukamfunguka: "Tan-Zan tielu!" Reli ya TAZARA. Wazee wa umri wake wengi hawajui kitu kingine kuhusu sisi, ila hicho wanakijua vizuri: kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na vijana wa Kichina waliokwenda huko wengine wakazikwa hukohuko. Akaniuliza kama treni bado inakwenda. Nikajibu inakwenda, ila haina haraka. Akacheka, akaniambia na mimi nisiwe na haraka, nimege.

Udogo huo una sababu zake, nami nilikuja kuzijua polepole, kwa kuuliza na kwa kuchungulia dirisha la jikoni. Mkate wa paomo, wenyewe wanauita tuotuomo, hukandwa kwa unga ambao sehemu kubwa haikutiwa hamira, sehemu ndogo tu ndiyo iliyoumuka, kisha huchomwa mkavu. Ndiyo maana hautepeti. Mkate wa kawaida ukiuchemsha kwenye supu unageuka uji, huu unabaki na mwili wake, unatafunika. Lakini kwa sababu ni mgumu, supu haiingii upesi ndani ya kipande kikubwa: nje kimelowa, katikati bado ni mkate mkavu. Na kwa nini usikatwe kwa kisu? Kwa sababu kisu huacha kuta laini. Kidole huacha kingo zilizochanika, na mchuzi hushika kwenye mchaniko. Siku hizi kuna mashine ya kukatakata, na migahawa mingine itakuuliza kama unataka mkate wa mashine. Nimekula mara moja nikiwa na mtihani mchana. Ulikuwa laini, sawasawa, punje zote pacha. Ulikuwa na ladha ya mtu mwenye haraka.

Ukimaliza kumega unapewa kibati chenye namba, na bakuli lako linakwenda jikoni na namba hiyohiyo, ili mkate uliotoka mikononi mwako urudi kwako. Sijaona mahali pengine panapochukulia jambo hili kwa uzito namna ile. Mpishi hapiki sufuria moja ya wote. Anapika bakuli moja moja: karai juu ya moto mkali, upawa wa supu ya mifupa iliyochemka usiku kucha na mdalasini na shamari na viungo vingine vilivyofungwa kwenye kitambaa, minofu ya kondoo iliyokwishaiva, tambi nyembamba zinazong'aa kama kioo, kisha mkate wako. Anarusha mara mbili tatu, anamimina. Na kabla ya kuumwaga mkate ndani ya karai anautazama. Vipande vikubwa, huyu mgeni, supu iwe nyingi na moto ukae zaidi. Vipande vidogo na sawasawa, huyu anajua, apikwe kama anayejua. Bakuli lako limekutangulia jikoni na limeshakusema.

Lile la kwanza lilirudi na supu tele.

Sasa niseme ukweli ambao watu wanaosifia vyakula vya ugenini hawausemi: bakuli lile la kwanza halikunifurahisha. Harufu ilikuwa ya nyumbani, mvuke wa kondoo na mdalasini ulinipanda puani nikaona Idi ya kwetu Ngamiani, na kwa sababu hiyohiyo ulimi ukadai vya nyumbani. Ukadai ndimu. Supu ya mbuzi bila ndimu kwetu ni ya mgonjwa. Nikamwuliza mama, kwa ishara na maneno yaliyovunjika, kama kuna kitu kichachu. Akaniletea siki. Mzee akashika kichwa. Mama akacheka akaichukua siki yake, akaniwekea kisahani chenye vichwa viwili vya kitunguu saumu, vya rangi ya kahawia, vimelowekwa kwenye sukari na siki mpaka ukali wote umetoka. Kando yake pilipili nyekundu ya kusagwa yenye mafuta, na giligilani.

Kile kitunguu saumu ndicho kilichoniokoa. Unabandua punje moja, unaing'ata, tamu, chachu, inakatika kama achari ya embe changa, halafu unarudi kwenye supu nzito na unaikuta mpya. Pilipili usiichanganye. Hilo nalo nilisahihishwa: nilipochukua vijiti nikoroge, mzee akaninong'oneza kitu ambacho nilikuja kukielewa baadaye. Paomo haikorogwi. Unaanza ukingoni, unakula kidogo kidogo kuelekea ndani, kama kiwavi wa hariri anavyokula jani, na pilipili unaipaka juu ya tonge unalokwenda kulila. Ukikoroga, joto linatoka, supu inageuka matope, na mpishi aliyekuwa na nia njema na bakuli lako umemtukana.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata. Kisha nyingine. Baadaye ikawa Ijumaa, baada ya sala.

Msikiti Mkuu wa Xi'an uko ndani ya mitaa hiyohiyo, kwenye kichochoro cha Huajue, na mnara wake ukiuona utadhani ni wa hekalu, una mapaa matatu yaliyokunja ncha. Lakini ulionishughulisha zaidi ni msikiti mwingine, wa kichochoro cha Daxuexi. Humo mna jiwe la mwaka 1523 linalosimulia kwamba mwaka 1413 amiri Zheng He, ambaye mwenyewe alizaliwa kwenye familia ya Kiislamu, alifika Shaanxi, jimbo ambalo Xi'an ndio mji wake mkuu, kutafuta mkalimani wa safari zake za bahari ya magharibi, akamchukua imamu aitwaye Hasan. Ni merikebu za amiri huyo ndizo zilizofika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakapeleka twiga kwa mfalme wa China. Sisemi Hasan alifika Malindi. Nasema nilikuwa nikitoka kusali kwenye mitaa aliyotoka mkalimani, nakwenda kumega mkate na kubabaika kwa Kichina changu cha darasa la pili, na wazo hilo lilinichekesha. Kuhusu chimbuko la paomo yenyewe utasimuliwa Zhao Kuangyin, mwanzilishi wa dola ya Song, alivyokuwa fukara akaomba supu ya kulowekea mkate wake mkavu. Huenda. Kila mji wenye supu nzuri una mfalme aliyewahi kulala njaa.

Kichina changu, kwa kweli, kilikua pale kuliko darasani. Darasani unakaa mikono imelala juu ya meza na mwalimu anakutazama mdomoni. Mgahawani mikono ina kazi, macho yako bakulini, hakuna anayemtazama mwenzake, na maneno yanatoka yenyewe. Mtu akikosa neno anamega tu, mpaka lije. Nilijifunza kuzungumza bei za nyumba, magoti, mvua, na mkwe wa mtu fulani ambaye sikuwahi kumwona lakini nilikuja kumchukia pamoja na wengine. Mama mwenye mgahawa nilimwita ayi, kama nyumbani ningesema shangazi. Yeye aliniita Xiao Hei kwa miezi kadhaa, yaani Mweusi Mdogo, mpaka siku nilipomwambia nina jina. Akalijaribu, likamshinda. Akaniita Tansang, kwa nchi yangu, na hapo tukaafikiana.

Nilijifunza pia kwamba kuna namna nne za kuagiza, na majina yake nayapenda hata leo. Ganpao, kavu, mkate unakunywa supu yote na kijiti kikisimamishwa kinakaribia kusimama. Koutang, funda la supu, ukimaliza kula linabaki funda moja la kumalizia. Shuiweicheng, maji yauzunguka mji, mkate na nyama vimelundikwa katikati na supu ikiwa pembeni kama handaki la maji kuzunguka ngome. Na danzou, kwenda peke yako, mkate huku na supu kule, kila kimoja na safari yake. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa maji yauzunguka mji, ndiyo ya wageni na wenye njaa. Baadaye nikahamia koutang. Ganpao ni ya wazee, na inahitaji vidole ambavyo sikuwahi kuvipata.

Vyakula vingine vya Shaanxi nilivipenda pia, nisionekane mchoyo: tambi pana kama mkanda wa suruali zilizomwagiwa mafuta ya moto juu ya pilipili, mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe, liangpi, tambi za baridi zenye ufuta, kwenye jua la Julai. Lakini hivyo vyote unaagiza, unaletewa, unakula, unaondoka. Ilitokea siku moja, mwaka wa pili, mahesabu yangu ya tabaka la barabara yakarudishwa kwa wino mwekundu, kurasa kumi na nne, na sikutaka kumwona mtu wala kuzungumza. Nilikwenda Sajinqiao. Ayi akaniletea bakuli na mikate, akanitazama, akaongeza mkate wa tatu ambao sikuuomba. Nikamega nusu saa nzima. Ile mikate mitatu iliisha, na nilipoinua uso nje kulikuwa kumeshaingia giza, na mabega yalikuwa yameshuka yenyewe. Supu haikuwa imefika bado.

Nimejaribu kuipika Tanga. Kondoo yupo, mdalasini upo, tambi za kioo nimezipata Dar es Salaam kwa bei ya kutia aibu. Mkate ndio ulionishinda. Chapati iligeuka ubwabwa. Mkate wa ajemi ukafumuka. Wa karibu kabisa ulikuwa mkate wa mofa uliolala siku mbili, na mama yangu alipoona naukatakata vipande vya choroko akauliza kama nafuga vifaranga. Alikula, lakini. Alikamulia ndimu mbili, akakoroga bakuli zima kwa kijiko, na mimi nikanyamaza.

Mara ya mwisho kwenda ilikuwa Julai 2017, siku mbili kabla ya ndege. Ni ujinga kula paomo Julai ndani ya Xi'an, jua linachoma hata usiku na wenyeji wenyewe wamehamia kwenye liangpi. Mgahawa ulikuwa na watu wanne, feni moja, na mimi nimelowa jasho hadi kiunoni. Yule mzee hakuwepo, wazee hawaji wakati wa joto. Niliagiza koutang na chupa ya Bingfeng, soda yao ya machungwa ya chupa ya kioo, nikamega bila kuharakisha. Ayi alipokuja kuchukua bakuli alilitikisa kidogo, vipande vikajipanga, akalitazama. Nikangoja. Hakusema kitu, akalipeleka jikoni. Kisha akanirudia na kisahani cha kitunguu saumu kilichojaa pomoni, vichwa vinne vizima, akaniambia kule kwenu hakuna, kula. Nikala vyote.

Treni ya kurudi ilikuwa imejaa. Nikakaa, na kiti cha kando yangu kikabaki wazi kama kawaida, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kijana mmoja akaja kukaa, akavuta pumzi, akasimama tena akaenda kushika chuma mlangoni huku amejiziba pua. Nikajifunika mdomo kwa kiganja, nikajinusa. Nikaanza kucheka peke yangu. Safari hii alikuwa na haki.